Mwongozo kamili wa kusoma chuo: namna ya kusoma mambo yakabaki kichwani mpaka siku ya pepa

Kila chuo yupo mwanafunzi ambaye anasoma kweli kweli, maktaba anaingia wa kwanza anatoka wa mwisho, noti zake zina hailaita rangi tatu, slaidi kazipitia mara nne, alafu matokeo yakitoka ana C. Pembeni yake kuna mwenzake anayesoma nusu ya mda huo na ana A, watu wakimuongelea wanasema tu yule ana kichwa. Mimi nimekaa sana kwenye diskasheni na kuwaelekeza wadogo zangu wa kozi, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi shida siyo kichwa, shida ni nini mtu anafanya zile dakika akiwa amekaa na kitabu. Wa kwanza anaingiza tu, anasoma, anarudia, anapaka rangi. Wa pili anafunga kitabu na kujilazimisha atoe alichosoma.

Hilo ndilo jambo lenyewe, na mwongozo wote huu unalizunguka: sehemu kubwa ya mda wako wa kusoma, kitabu kiwe kimefungwa.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi wakisome. Kundi moja likakisoma kwa awamu nne. Kundi lingine likakisoma awamu moja tu, alafu awamu tatu zilizobaki wakawa wanaandika kila wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walikuwa mbele, ila baada ya wiki moja wao walikumbuka kama asilimia 40 na wale waliokuwa wanajipima walikumbuka kama asilimia 61. Na kinachouma zaidi, wale wa kurudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Yaani ile hisia ya "hapa nimeelewa" inakuja kwa sababu maneno yameshazoeleka machoni, siyo kwa sababu unaweza kuyatoa mwenyewe kwenye karatasi ya mtihani ambayo haina slaidi pembeni.

Sasa tuanze mwanzo wa semista.

Wiki ya kwanza: jua unadaiwa nini

Chukua muhtasari wa kila kozi na uandike tarehe zote kwenye karatasi moja, siyo kwenye simu, karatasi ya kubandika ukutani. Tarehe za test, za kwizi, za kukusanya asaimenti, presentesheni, pepa za mwisho. Pembeni ya kila kitu andika kina maksi ngapi. Ukimaliza utaona kuna wiki mbili au tatu ambazo vitu vimerundikana, test mbili na asaimenti moja ndani ya siku nne hivi, na hizo ndizo wiki zinazoangusha watu sababu hawakuziona zikija. Ukishaziona, asaimenti ya wiki hiyo unaianza wiki mbili kabla, basi.

Alafu angalia uzito. Kama kazi za ndani ya semista zina 40 na pepa ya mwisho 60, mtu anayesema "nitakaza mwishoni" tayari anachezea 40 zake. Tafuta pia mitihani ya miaka ya nyuma mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Sikuambii uisolve sasa hivi, isome tu uone wanauliza vipi: wanataka ufafanuzi, wanataka hesabu, wanakupa kisa alafu unatoa maamuzi? Hiyo itabadilisha unavyosikiliza lekcha kuanzia siku ya kwanza.

Ratiba ambayo utaifuata kweli

Ratiba nyingi zinakufa siku ya tatu sababu zimeandikwa na mtu aliyekuwa na mzuka wa Jumapili usiku. Saa 11 alfajiri kuamka, saa nne mfululizo za kusoma, hakuna kupumzika, hakuna kufua, hakuna chochote. Usifanye hivyo. Anza kwa kuandika vitu ambavyo huwezi kuvikwepa, vipindi, safari ya kwenda na kurudi, kula, ibada kama unayo, kazi kama unafanya kazi, kulala. Kinachobaki ndio mda wako halisi na usishtuke ukiwa mdogo kuliko ulivyodhani, afadhali uujue.

Kila kipande cha kusoma kipe saa, sehemu na kitu maalum. "Jioni nitasoma" haina nguvu yoyote. "Jumanne saa 10 jioni, maktaba ghorofa ya juu, maswali 8 ya takwimu mada ya tatu" ina nguvu, sababu ikifika saa 10 huna haja ya kujadiliana na nafsi yako, kitu kimeshaamuliwa. Acha na vipande viwili vitupu kwenye wiki kwa ajili ya vile vitakavyochelewa, maana lazima vitachelewa.

Kuhusu urefu wa kukaa, wengi wanatumia ule mtindo wa dakika 25 kazi na 5 mapumziko, alioubuni Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi. Ni mzuri sana kwa siku ambazo huna hamu kabisa, dakika 25 kila mtu anaziweza. Ila kwa hesabu ngumu au kuandika ripoti mimi naona 25 ni fupi, unakatwa ndio kwanza umeingia. Hapo nenda 50 kwa 10. Na hayo mapumziko simama, tembea, kunywa maji, sababu ukishika simu hizo dakika 10 zinakuwa 40 na wala hujapumzika.

Lekcha: kabla, ndani, baada

Kabla: dakika 10 tu. Pitia vichwa vya slaidi au vya mada kwenye kitabu, andika maswali mawili ambayo huyajui majibu. Ukiingia darasani na maswali sikio linafanya kazi tofauti.

Ndani: usiandike kila neno. Anayeandika kila neno anakuwa mashine ya kurekodi, mkono unafanya kazi kichwa kimelala, na kama slaidi mtatumiwa hiyo kazi ni ya bure. Andika kile ambacho slaidi haina, mfano aliotoa mwalimu, sababu, mahali aliposema "hapa watu wengi wanakosea", na mahali wewe ulipopotea (weka alama ya kuuliza kubwa). Gawa ukurasa kwa mstari wa wima, kushoto uache nafasi nyembamba, kulia ndio unaandika, chini uache mistari mitano au sita. Mpangilio huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell na ni wa zamani ila bado sijaona unaoushinda, sababu ile nafasi ya kushoto ndiyo tutakayoifanyia kazi sasa hivi.

Baada: siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza semista yao bila kujua. Robo saa tu, ukikaa siku nne noti zako mwenyewe zitakuwa kama zimeandikwa na mtu mwingine.

Geuza noti ziwe maswali

Hii ndiyo kazi ya hiyo robo saa na naomba uielewe vizuri sababu ukikosea hapa mengine yote hayasaidii sana.

Tuseme unasoma uuguzi au udaktari, na leo mmefundishwa jinsi mwili unavyopandisha presha ya damu ikishuka. Upande wa kulia umeandika hivi: presha ikishuka figo zinatoa renini. Renini inakata angiotensinojeni, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, inakuwa angiotensini I. Ikipita hasa kwenye mapafu, kimeng'enya cha ACE kinaigeuza kuwa angiotensini II. Hii inabana mishipa ya damu na pia inafanya tezi za adrenali zitoe aldosteroni, ambayo inazifanya figo zibakize chumvi na maji. Presha inapanda.

Mtu wa hailaita atapaka rangi majina yote sita na atajisikia amesoma. Wewe upande wa kushoto andika maswali, na usiishie kwenye "renini ni nini". Andika hivi:

- Nini kinaifanya figo itoe renini?
- Kila kitu kwenye mlolongo huu kinatoka kiungo gani?
- Kwa nini mtu aliyepoteza damu nyingi anatoa mkojo kidogo?
- Dawa inayozuia ACE inashusha presha kwa njia zipi mbili?
- Chora mlolongo wote kwa mishale bila kuangalia.

Umeona swali la tatu na la nne? Majibu yake hayajaandikwa popote kwenye noti moja kwa moja, lazima uunganishe. Mtu aliyekariri majina sita hawezi kujibu hilo la dawa. Mtu aliyeelewa atasema ACE ikizuiwa angiotensini II inapungua, kwa hiyo mishipa haibanwi sana, na aldosteroni inapungua, kwa hiyo chumvi na maji vinatoka zaidi kwenye mkojo. Na maswali ya chuo mengi yako hivyo, wanakupa kisa.

Hata kama unasoma sheria, uhasibu au historia inafanya kazi ile ile, unabadilisha tu aina ya swali. Historia uliza kwa nini wakati ule na siyo miaka kumi kabla. Sheria uliza ukibadilisha jambo moja kwenye kesi, hukumu ingebadilika? Uhasibu uliza ukisahau kuingiza hii, namba gani zitakuwa na makosa na kwa upande gani.

Alafu funika upande wa kulia kwa karatasi na ujibu. Kwa sauti au kwa kuandika, siyo "kichwani tu", kichwani kila mtu anajua kila kitu.

Karatasi tupu

Mara moja kwa wiki kwa kila kozi, kaa na karatasi ambayo haina chochote. Andika jina la mada juu, weka dakika 10, andika na kuchora kila unachokijua kuhusu mada hiyo kwa kalamu ya bluu. Dakika ya tatu utaona umeishiwa. Usifungue kitabu! Endelea kukaa hapo, hicho kipande ambacho unahangaika kutafuta kitu kichwani na kinakataa kuja ndicho chenye faida, na mara nyingi dakika ya sita kitu kinarudi chenyewe.

Mda ukiisha fungua noti na ujazie kilichokosekana kwa kalamu nyekundu, na ulichokosea ukisahihishe kwa nyekundu pia. Sasa angalia karatasi yako. Bluu ni unachokijua, nyekundu ndio silabasi yako ya wiki ijayo. Wiki ijayo unaanza na nyekundu, huna sababu ya kuanza tena ukurasa wa kwanza ambao unaujua kama jina lako. Wengi wetu tunapenda kurudia tunachokijua sababu kinatupa raha, na hiyo raha ndiyo inakula mda.

Karatasi ya kwanza itakuwa nyekundu tupu, na itauma kidogo. Ni kawaida kabisa, usikate tamaa, afadhali nyekundu hiyo uione kwako kuliko kwa msahihishaji.

Kurudia kwa kuachanisha siku

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana alafu anapima zimebaki kiasi gani. Aligundua kusahau kunaenda kasi sana mwanzoni, ndani ya saa za kwanza tu sehemu kubwa inapotea, alafu kasi inapungua. Na aligundua kwamba kurudia kulikogawanywa kwenye siku kadhaa kunashinda kurudia kulikobanwa mara moja. Ni zaidi ya miaka 130 sasa na bado tunakesha siku moja kabla ya pepa.

Kwa vitendo iko hivi. Lekcha Jumatatu, unajipima usiku huo huo, unajipima tena Jumatano, alafu Jumatatu inayofuata, alafu baada ya wiki mbili, alafu baada ya mwezi. Kila mara ni dakika chache tu sababu unajibu maswali, husomi upya. Pepa ikiwa mbali nafasi ziwe pana, ikiwa karibu zibane. Usijisumbue kutafuta namba kamili, cha msingi kuwe na usiku kadhaa katikati.

Kama kozi ina vitu vingi vya kukumbuka, istilahi, dawa, vifungu vya sheria, tumia kadi. Mbele swali, nyuma jibu. Chukua maboksi matatu, mtindo huu ni wa Sebastian Leitner wa miaka ya 1970: kadi zote zinaanza boksi la kwanza ambalo unalipitia kila siku, ukipata kadi inaenda boksi la pili la kila siku tatu, ukiipata tena inaenda la tatu la kila wiki, na ukiikosa popote ilipo inarudi la kwanza. Programu kama Anki inakufanyia hesabu hiyo yenyewe kwenye kompyuta au simu. Angalizo moja, tengeneza kadi zako mwenyewe, kadi za kupakuliwa za mtu mwingine zinakunyima kazi ya kutunga swali ambayo ni nusu ya kujifunza.

Hesabu, fizikia, takwimu na ndugu zake

Hapa kosa kubwa ni kusoma mfano uliosolviwa, kutikisa kichwa, na kwenda ukurasa unaofuata. Mfano funika, solvu mwenyewe, ukikwama funua mstari mmoja tu, funika tena uendelee. Kesho yake rudia swali lile lile bila kufunua kitu.

Kosa la pili ni kufanya maswali 20 ya aina moja mfululizo. Ukifika la tano hufikirii tena unatumia fomula gani, unaingiza namba tu. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi aina moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa walipata 60. Baada ya wiki moja wakapimwa tena: waliochanganyiwa 63, wale wengine 20. Ishirini! Kwa hiyo ukishaelewa aina tatu nne za maswali, yakate yachanganye, toa moja moja, na kabla hujaanza kukokotoa jiulize "hili ni la aina gani na nimejuaje". Kwenye pepa hakuna atakayekuandikia juu ya swali kwamba hili ni la mada ya tano.

Weka daftari la makosa pia. Kila swali ulilokosa andika kwa sentensi moja kwa nini ulikosa: sikuelewa swali, nilisahau alama ya kutoa, nilitumia fomula ya sampuli badala ya ya idadi yote. Baada ya mwezi utaona unakosa vitu vitatu vile vile kila siku.

Simu

Iwe chumba kingine, au ndani ya begi, begi mbali, imezimwa sauti. Kuigeuza kifudifudi mezani haitoshi. Kama unaihitaji kwa slaidi, pakua slaidi kabla alafu zima data. Na programu za akili bandia, zitumie zikuulize wewe maswali, bandika noti zako uombe maswali kumi ya kisa na ukatae kupewa majibu mpaka ujibu. Ukiziomba zikufupishie kila kitu umerudi kule kule kwa kuingiza tu.

Diskasheni

Watu watatu au wanne, zaidi ya hapo inakuwa kijiwe. Kila mtu aje amesoma mada, na kila mtu apewe sehemu ya kuwafundisha wengine bila kushika noti. Wanaosikiliza kazi yao ni kuuliza "kwa nini" na "ingekuwaje kama". Ukiona kuna mmoja anafundisha siku zote na wengine wanaandika, huyo mmoja ndiye anayesoma peke yake, nyie wengine mnahudhuria lekcha ya pili.

Usingizi

Nalisema hili nikiwa sitanii hata kidogo. Ukilala ubongo unaendelea kuyapanga na kuyaimarisha uliyosoma mchana, ukikesha unaikata hiyo kazi katikati. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Na kahawa, nusu ya kafeini inachukua kama saa 5 kutoka mwilini kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo uliyokunywa saa 12 jioni nusu yake bado ipo saa 5 usiku. Weka mwisho wake saa 8 mchana. Kama umeshindwa kabisa kumaliza mada na pepa ni kesho, chagua maswali makubwa matano, jipime hayo, lala.

Wiki mbili za mwisho mpaka siku ya pepa

Kama umefuata huko nyuma, sasa huna cha kusoma kipya. Chukua pepa za nyuma na uzifanye kwa mda kamili, saa tatu kama ni saa tatu, bila noti, bila simu, bila kusimama. Sahihisha kwa ukali. Swali ambalo umepata nusu usiseme "hili nalijua", andika jibu kamili upya kesho yake.

Kama hukufuata na umechelewa, usianze mwanzo wa noti. Anza na muhtasari wa kozi na pepa za nyuma, tafuta mada zinazojirudia na zenye maksi nyingi, fanya karatasi tupu kwa kila moja leo, jazia nyekundu, kesho jipime nyekundu tu. Siku nne za hivyo zinaokoa watu wengi na sapu (mtihani wa kurudia).

Siku yenyewe, ukipewa pepa tumia dakika chache kuisoma yote, gawanya mda kwa maksi (saa tatu kwa maksi 100 ni chini kidogo ya dakika 2 kwa maksi moja, kwa hiyo swali la maksi 20 lisipite dakika 36), anza na unaloliweza vizuri ili mkono uchangamke. Zungushia neno la amri kwenye kila swali, eleza, linganisha, tathmini, wengi wanaopata nusu ya maksi walijibu swali lingine. Ukikwama acha nafasi, nenda mbele, rudi baadaye.

Ukitoka usisimame mlangoni kulinganisha majibu, nenda kapumzike kuna pepa nyingine. Ila matokeo ya test yakirudi ndani ya semista, nenda kwa mwalimu na karatasi yako umuulize ulipoteza wapi na jibu la maksi zote lingeonekanaje, alafu yale yote aliyokuambia yaingize kwenye daftari la makosa na kwenye boksi la kwanza la kadi zako.